Mwanagenzi wa Mwanga

Kila chombo kipya kinachoingia katika sanaa ni mgeni. Wahenga walisema kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Hekima ya neno hili haikomi mlangoni pa nyumba. Zumari, tarumbeta, santuri na sinema zote zilikuwa ngeni siku moja mahali fulani. Kwanza zilistaajabiwa, pengine zikaogopwa, kisha zikapewa kazi. Kompyuta, projekta na simu ya mkononi zimekwisha kukaa siku zao mbili katika pwani ya Afrika Mashariki. Swali la leo si kama zikaribishwe au zifukuzwe, maana zimo ndani. Swali ni jembe gani zipewe, na nani azifundishe kulima.

Sanaa inayosemwa hapa ni ile ya picha na vitendo ambayo hutendwa papo hapo mbele ya watazamaji. Mchoraji humaliza kazi yake kabla ya kuionyesha, na mtengenezaji wa filamu hali kadhalika. Lakini msanii wa namna hii hana kazi iliyokwisha. Ana mwili wake, sauti yake, mwanga utokao katika mtambo, na watu. Picha hubadilika kwa mkono wake wakati ule ule watu wanapoitazama. Akikosea hukosea mbele yao, na akifaulu hufaulu pamoja nao. Kwa sababu hii elimu ya sanaa hii ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kuujua mtambo, na sehemu ya pili ni kuwajua watu. Aghalabu mwanagenzi huishika ya kwanza kwa mikono miwili na kudhani kuwa ya pili itamjia yenyewe. Haiji yenyewe. Hiyo ya pili ndiyo mama, na pwani hii ilikuwa na walimu wake kabla kompyuta ya kwanza haijateremshwa bandarini.

Kibiti ni mahali pazuri pa kulipima neno hili. Mji huu uko kando ya barabara ya Kilwa, zaidi ya kilomita 100 kusini ya Dar es Salaam, katika mkoa wa Pwani. Upande wa mashariki ardhi huteremka mpaka delta ya Rufiji, ambako mto hugawanyika mikono mingi na kupenya katika mikoko kabla ya kufika baharini. Msitu ule wa mikoko ni mkubwa kupita wowote wa namna yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na boriti zake zilisafiri kwa majahazi kwenda kuezeka nyumba za Arabuni. Kutoka Nyamisati vyombo huvuka kwenda Mafia. Katika mwaka wa 2003 daraja lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, na tangu hapo msafiri wa kusini hangoji kivuko. Mto huo huo sasa huzaa umeme. Bwawa la Julius Nyerere, lililo juu yake, lilianza kutoa umeme Februari 2024, na mitambo yake 9 iliundwa itoe megawati 2,115 kwa jumla. Mwenye kuwasha taa Kibiti anaweza kusema, bila ya uongo mkubwa, kuwa anawasha maji ya mto wake. Barabara imeleta chombo, mto umeleta nguvu. Kilichobaki ni ustadi.

Wala si kweli kwamba picha za mwanga ni jambo la jana katika nchi hii. Kati ya miaka ya 1935 na 1937 Waingereza walifanya Tanganyika jaribio la sinema ya mafunzo kwa Waafrika, lililojulikana kwa herufi BEKE. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zilipakiwa katika lori pamoja na mtambo wa umeme na kiwambo, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake. Maelezo yalitiwa katika santuri, na pengine yalisemwa na mkalimani kwa kipaza sauti. Kwa ufundi, jaribio lile lilikuwa na mambo ya kusifiwa. Lakini sauti ile ilikuja kuwaambia watu wahifadhi udongo vipi, wajihadhari na safura kwa njia gani, na fedha zao waziweke wapi. Ilisema, haikuulizwa. Watu walikaa mbele ya kiwambo kama watoto mbele ya ubao, na lori lilipoondoka liliondoka na neno la mwisho.

Inafaa kulitazama neno hili, kiwambo. Kiwambo ni ngozi iliyowambwa juu ya mzinga wa ngoma, na kiwambo ni kitambaa kilichowambwa ili kipokee picha. Lugha imeviweka vitu viwili katika jina moja, kana kwamba ilijua kuwa vitakutana. Ngozi ya ngoma haina sauti mpaka ipigwe, na kitambaa hakina picha mpaka kiangaziwe. Lakini vyote viwili havina maana mpaka awepo mtu wa kuitika. Lori la Vugiri lilikuwa na kiwambo cha pili na likakisahau cha kwanza.

Miaka iliyofuata ilileta televisheni na kanda za video. Unguja ilipata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka wa 1994. Video ndiyo iliyoziba pengo lile, na vibanda vya kuonyeshea video vikastawi mijini na kando ya barabara kuu. Watu waliviita vibanda umiza, jina linalojieleza kwa yeyote aliyekaa saa mbili juu ya ubao usio na egemeo. Humo ilizuka sanaa ambayo haikufundishwa katika chuo chochote. Mtu alikaa karibu na televisheni, kipaza sauti mkononi, akaifasiri filamu ya kigeni wakati ule ule inapoonyeshwa. Katika Tanzania aliyevuma kuliko wengi ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kenya iko sauti ya DJ Afro. Uganda mtu wa kazi hii huitwa kwa herufi mbili, VJ, maana yake mchekeshaji wa video, na VJ Jingo wa Kampala ni miongoni mwa mashuhuri wake. Huko Ulaya herufi hizo hizo zina maana nyingine: humtaja fundi anayechanganya picha katika kumbi za muziki. VJ wa Kampala hufanya kazi kwa ulimi, VJ wa Ulaya kwa vidole. Mwanagenzi mwenye bahati ni yule atakayejifunza kwa wote wawili.

Kazi ya mfasiri wa kibandani haikuwa kugeuza maneno tu. Alipunguza sauti ya filamu mahali pa mazungumzo, akaiongeza mahali pa mapigano. Alimpa shujaa wa mbali jina la mtaani. Alieleza desturi za ugenini kwa mfano wa harusi au msiba wa jirani. Mzaha uliopokewa kwa kicheko aliurefusha, na uliopokewa kwa kimya aliuacha ufe. Watazamaji walimjibu, wakambishia, na mara nyingine wakamtangulia. Picha ilikuwa ile ile Hong Kong, Bombay na Kibiti. Lakini tendo lilikuwa jipya kila jioni. Mtu yule hakuwa na mamlaka ya kubadili picha hata moja, walakini aliitawala yote, kwa sababu alikuwa akiwasikiliza watu huku akisema. Hii ndiyo elimu ya pili iliyotajwa mwanzo, nayo ilipatikana juu ya mbao ngumu.

Kisha mtambo ukamnasa. Sauti ya mfasiri ilianza kutiwa katika kanda za VHS, baadaye katika sahani za DVD, na leo husafiri katika simu. Faida yake haikatiliki: aliyesikiwa na watu hamsini amesikiwa na maelfu, na aliyelipwa kiingilio kidogo amepata bidhaa ya kuuza. Hasara yake ni moja, lakini ni kubwa. Kicheko cha watu hakimfikii tena. Anasema mbele ya ukuta, na kwa hiyo mzaha wake wa mwaka uliopita ni mzaha wake wa mwaka huu.

Hata hivyo uko mfano mmoja unaofaa kuwekwa upande wa pili wa mizani. Katika Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka wa 2010, kwa kompyuta alizoziunga kwa mikono yake. Nafasi ya kuhifadhi kazi ilikuwa ndogo mno, akaifuta nakala ya asili ili apate mahali pa kazi nyingine. Kilichobaki duniani ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie akiisemea, akiitania na kuisifu tangu mwanzo mpaka mwisho. Picha tupu isiyo na msemaji imepotea; picha yenye msemaji imeishi, na imetazamwa mbali sana na Uganda. Hapana aliyekusudia iwe hivyo. Lakini ajali hii imesema jambo ambalo mwalimu angetaka kulisema: mtambo husahau, na kilichoshikwa na sauti ya mtu ndicho hudumu.

Na achukuliwe sasa, kwa mfano, mwanagenzi mmoja wa Kibiti anayetaka kuunganisha ngoma ya nyumbani na picha za kompyuta. Somo lake la kwanza ni mwanga. Nguvu ya projekta hupimwa kwa lumeni. Projekta ya lumeni 3,000 ikitandazwa juu ya shuka la mita 3 kwa 2, kila mita ya mraba hupata lumeni 500. Jua la mchana humwaga juu ya mita ile ile lumeni zinazoweza kufika 100,000. Basi kupigana na jua ni ujinga. Tena akiikuza picha mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo, mwanga hugawanyika mara nne, na picha iliyokuwa hai hufifia kama kanga iliyofuliwa mno. Shuka dogo lililo karibu na watu lina faida kuliko ukuta mkubwa ulio mbali, na tanga la mashua lililotandikwa vizuri halishindwi na kiwambo cha dukani. Hesabu hii ndogo ina adabu ndani yake: chombo chenyewe kinamtaka msanii asogee karibu na watu wake.

Sanaa hii, basi, ni sanaa ya usiku. Kibiti jua huchwa kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza halichelewi. Lakini usiku wa Kibiti una habari yake. Katika miaka ya 2016 na 2017 watu wenye silaha waliwaua viongozi wa vijiji na askari polisi katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa katika shambulio moja. Mwezi wa Mei mwaka ule pikipiki zilikatazwa kutembea usiku katika wilaya hizo. Usiku uliokuwa milki ya ngoma, hadithi na mazungumzo ya barazani uligeuka kuwa wakati wa kufunga mlango mapema na kusikiliza nyayo. Siku zile zimepita. Walakini usiku uliowahi kuogopwa haurudi katika tabia yake kwa amri. Hurudishwa na watu kukaa pamoja nje baada ya jua kuchwa, na kuamka asubuhi wakiwa wazima, na kufanya hivyo tena. Simu haiwezi kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa mwenye simu huitazama peke yake nyuma ya mlango ule ule uliofungwa. Picha inayoonyeshwa kwa wote juu ya shuka moja yaweza kuifanya. Hapa ndipo jembe la mgeni lilipo. Mahali pengine sanaa ya mwanga ni anasa ya jioni; katika nchi iliyowahi kuuogopa usiku wake ni njia mojawapo ya kuudai usiku huo urudishwe kwa wenyewe.

Somo la pili ni ukawio. Kamera huona, kompyuta hufanya hesabu, projekta huonyesha, na kila mmoja hujitwalia sehemu yake ya wakati. Picha 25 kwa sekunde maana yake kila picha hukaa milisekunde 40. Zikichelewa picha 3 tu njiani, mchezaji amekwisha kuinua mkono ilhali sura yake ya mwanga inamfuata nyuma kwa milisekunde 120. Ngoma haisamehe deni hilo. Mkono na mlio vikiachana, mtazamaji hajui sababu, lakini hujua kuwa ameonyeshwa kitu cha uongo. Lakini mpiga ngoma wa zamani hashangai kuambiwa habari za ukawio. Sauti nayo husafiri kiasi cha mita 340 tu kwa sekunde. Aliye mbali mita 34 huuona mkono ukiipiga ngozi kwanza na kuusikia mlio baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndiyo sababu wapigaji hukaa pamoja, na wachezaji huwazunguka.

Fundi wa mitambo ana dawa zake za ukawio: kupunguza ukubwa wa picha inayohesabiwa, kutumia waya mahali pa mawimbi ya hewa, kufunga programu zisizohitajika. Msanii ana dawa nyingine. Huugeuza ukawio uwe mchezo. Mchezaji huinua mkono na kungoja. Sura yake ya mwanga huinua wake. Naye huijibu, kama kiongozi wa wimbo anavyojibiwa na waitikiaji. Upungufu wa mtambo umekuwa kiitikio. Dawa hii haimo katika kitabu cha maelezo cha kompyuta yoyote, bali imo katika kila ngoma ya pwani.

Somo la tatu ni kuzimika. Waya hukatika, kompyuta hupata joto ikasita, na umeme huondoka bila ya kuaga. Wapigaji hawaanzi kupiga mpaka ngozi zimepashwa moto na kukazwa, na mwenye ngoma hutazama wingu kabla ya kuwasha moto wake. Msanii wa mwanga hana ruhusa ya kuwa mzembe kuliko hao. Yampasa ajaribu kila kitu mapema, awe na waya wa akiba, na zaidi ya hayo awe na la kufanya giza litakapomwangukia. Asiyekuwa na neno wala wimbo umeme unapokatika hajajifunza sanaa ya papo hapo. Amejifunza kuwasha tu.

Bei ya programu si kizuizi kikubwa kama inavyodhaniwa. Processing, iliyoanzishwa na Casey Reas na Ben Fry katika mwaka wa 2001, hutolewa bure kwa wachoraji wanaotaka kuiamuru kompyuta ichore. Pure Data, iliyoanzishwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990 kwa ajili ya sauti, nayo haina bei, na hufanya kazi hata katika kompyuta kuukuu. Kizuizi ni lugha, kwa kuwa maelezo ya vyombo hivi kwa Kiswahili ni machache. Na kizuizi ni upweke, kwa kuwa mwanagenzi hujifungia chumbani akidhani atatoka siku atakapokuwa fundi. Kinyume cha upweke huo wapo wasanii waliokutana Hamburg mwaka wa 2004 wakaunda chama kiitwacho TOPLAP. Hawa huandika amri za kompyuta mbele ya watu, na kanuni yao kubwa ni kuwa kioo cha kompyuta kionyeshwe ukumbini, ili kila mtu aone mkono unavyofanya kazi na unavyokosea. Walidhani, yamkini, kuwa wanaanzisha desturi mpya. Lakini mpiga ngoma hakuwahi kuficha mikono yake.

Ushahidi ulio karibu zaidi uko Dar es Salaam. Mchiriku, muziki wa vijana wa mitaani uliovuma katika miaka ya 1990, ulichukua midundo ya ngoma za Wazaramo, ambao ni jirani za Wandengereko wa Kibiti, ukaitia katika vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyokoroma. Vinanda vile havikuundwa kwa kazi ile. Vilifundishwa mtaani, mbele ya wachezaji waliokuwa tayari kuondoka kama mdundo haukuwaridhisha. Baada ya mchiriku ikaja singeli, na kinanda kikaachia kompyuta nafasi. Katika mwaka wa 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, kazi za vijana wa studio moja ya Dar es Salaam, na baada ya muda mfupi baadhi yao walikuwa wakipiga katika majukwaa ya Ulaya. Huko walistaajabiwa kwa kasi ya muziki wao. Lakini kasi ile haikuvumbuliwa kwa ajili ya Ulaya. Ilitokana na ushindani wa sherehe za mitaani, mahali ambapo kompyuta ilipewa jembe lake siku ya tatu.

Mtu mwenye hadhari atauliza kama mgeni huyu hatamfukuza mwenyeji. Swali hili ni la haki, na historia ina majibu yake. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa pwani waliiona bendi ya kijeshi ya Wazungu, wakachukua tarumbeta na gwaride lake, wakaunda beni, ngoma ya mashindano iliyoenea kutoka Lamu na Mombasa mpaka bara. Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay katika mwaka wa 1928 kutia sauti yake katika santuri. Santuri zile hazikumnyamazisha, zilimtangulia kila alikokwenda. Mgeni hakumfukuza mwenyeji mahali ambapo mwenyeji alishika hatamu. Alimfukuza mahali ambapo mwenyeji alikaa kutazama.

Lakini iko hatari nyingine ambayo tarumbeta haikuwa nayo. Tarumbeta haioni. Kamera huona, hukumbuka na hupeleka. Katika mila za pwani yako mambo ambayo thamani yake imo katika kutotazamwa na kila mtu. Unyago ni shule ya wanawake. Ngoma na nyimbo zake zina mlango, na mlango una wenyewe. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, aliipandisha ngoma ya unyago jukwaani, lakini alifanya hivyo akiwa mwenyewe ni kungwi, akijua la kutoa na la kubakiza. Kijana mwenye simu hana mizani hiyo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka wa 1999 inalinda sanaa za jadi, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka wa 2022 inalinda habari za mtu. Sheria ni jambo jema, lakini hufika baada ya kosa. Adabu hufika kabla. Mwanagenzi wa mwanga hana budi kujifunza kuelekeza kamera chini, na somo hili ni gumu kuliko ukawio, kwa maana hakuna programu ya kulisahihisha.

Chuo cha sanaa kipo katika mkoa huo huo wa Pwani: Bagamoyo, tangu mwaka wa 1981, na leo huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwanagenzi wa Kibiti atapata faida kwa kwenda huko, kama atakavyopata faida kwa kila kitabu na kila fundi. Lakini cheti chochote kitaswali jambo moja pale atakaporudi na kutandika shuka lake. Je, watu watatoka? Je, wataitika? Pwani ina neno maalumu kwa kitendo cha mtazamaji anayeinuka mahali pake, akacheza mpaka mbele ya mwimbaji au mchezaji, akampa fedha mbele ya wote. Neno hilo ni kutunza. Anayetunza halipi kiingilio, maana yumo ndani tayari. Wala hatoi sadaka. Anasema kwa mkono wake kuwa jambo lililotendwa limemgusa, naye anaingia mchezoni kulithibitisha. Kwa dakika ile mtazamaji na msanii ni wachezaji wawili wa ngoma moja.

Kuna vipimo vingi vya mtambo: lumeni, milisekunde, megawati. Vyote vina haki yake, na asiyevijua ataaibika. Walakini havipimi kama sanaa imetendeka. Kipimo cha jambo hilo ni mtu mmoja anayeinuka katika giza la usiku na kupita katika mwanga wa projekta, kivuli chake kikiangukia shuka na kuifunika picha, akienda kumtunza aliyemfurahisha. Fundi wa mitambo atakiona kivuli kile kuwa ni kasoro. Mwanagenzi aliyefundishwa vema ataacha nafasi kwa ajili yake. Mcheza kwao hutunzwa. Na chombo kipya, kikitaka kutunzwa, sharti kwanza kifanywe kuwa cha kwao.